Kijana unayetaka uhifadhi wa kuvuka mpaka, anza na mto wa kwenu

Wadau habari za masiku. Wiki hii nimepata meseji ya kijana mmoja wa Bukoba, kamaliza chuo cha wanyamapori, anataka kuingia kwenye hii kazi ya nchi mbili tatu kushirikiana kurudisha misitu, ardhi oevu na viumbe vinavyopotea, ila kila akiomba nafasi anaambiwa hana uzoefu. "Kaka nianzie wapi? Wewe uliingiaje?" Nimeanza kumjibu kwenye simu nikaona inakuwa ndefu, na najua wengi wenu humu mna hamu hiyohiyo, basi nawajibu wote kwa pamoja.

Mimi sikuajiriwa na mradi wowote. Mimi ni mtoto wa mvuvi, nimekulia karibu na daraja la Kirumi huku Mara, pale mto Mara unapotawanyika kwenye mafunjo halafu ndo unaingia Ziwa Victoria. Ada yangu ya shule imetoka kwenye ningu. Vijana wa Mwanza mjini wengi hamumjui maana mmekuta sangara na sato tu sokoni, lakini wazee wetu ningu ndo alikuwa samaki wa heshima, mgeni akija anapikiwa huyo. Huyu samaki anaishi ziwani ila kutaga anapandisha mtoni, mvua kubwa zikianza na mto ukifurika anaingia kwa makundi anatafuta maji mapya yaliyofunika majani. Sasa hapohapo mdomoni mwa mto watu wanatega nyavu toka ukingo huu mpaka ule, na majike yote wanayokamata tumbo limejaa mayai. Hivyo ndo ningu alivyoisha karibu mito yote ya ziwa hili, na ilianza zamani, hata kabla sangara hajazagaa na kuwamaliza furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa.

Kikundi chetu cha mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga na samaki kushushwa, tulikubaliana mvua zikianza nyavu zinatoka mdomoni. Maneno tuliyosikia, acheni tu. Kuna ndugu wa damu waliacha kunisalimia kwa muda mrefu, na mmoja alisimama kwenye mkutano wa kijiji akasema nimenunuliwa na Wakenya. Iliniuma na mpaka leo nikimuona inanikumbusha, ila nyavu hazikurudi.

Lakini kutoa nyavu peke yake hakukutosha. Mto ulikuwa unashuka mzito kama uji wa mtama, unaacha tope kwenye mafunjo, na lile tope halikutoka kwetu. Mto Mara unaanzia Kenya, kwenye msitu wa Mau, kwenye kinamasi cha Enapuiyapui, inatoka mito miwili Nyangores na Amala halafu inakutana ndo unaitwa Mara, unapita Maasai Mara, unavuka mpaka unaingia Serengeti, ndo unafika kwetu. Kama asilimia 65 ya bonde lote iko Kenya. Wakikata msitu kule juu, kiangazi maji yanapungua na masika yanashuka na udongo. Na sio sisi wa mwisho wa mto tu tunaoumia, nyumbu zaidi ya milioni moja wanautegemea mto huohuo kiangazi, kaskazini ya Serengeti hakuna mto mwingine wa kuaminika wakati wa ukame. Yani ukipanda mti Bomet, kule juu Kenya, unamsaidia nyumbu wa Serengeti na ningu wa Kirumi kwa mpigo, na mtu wa Bomet huenda hajawahi kumuona hata mmoja wao.

Sasa nilimpataje huyo mtu wa Bomet? Kila mwaka tarehe 15 Septemba kuna Siku ya Mara, maadhimisho ya mto huu, ilianza 2012, Kenya na Tanzania wanapokezana kuiandaa. Mwaka ilipofanyika upande wa Kenya tulichangishana nauli kikundini nikaenda. Wenzangu wengi walikaa mbele kwenye mahema na viongozi, mimi nikaenda kwa wakulima waliokuwa wanauza miche ya miti ya asili. Pale nikakutana na mama mmoja, sisi kikundini tunamwita Mama Chai kwa sababu ana shamba la chai juu ya Nyangores. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya ningu mwenye mayai, kapasuliwa tumbo, mayai yamejaa sinia. Akaiangalia sana. Akaniuliza, "Mwanangu, kumbe huyu anangoja maji yetu?" Nikamwambia ndio mama, anangoja maji yenu.

Toka hapo tuna grupu la WhatsApp, wao wa juu na sisi wa chini. Mvua ikipiga kule Mama Chai anapiga picha ya mto pale kwenye daraja la kwao, anaandika "unakuja". Sisi tukiona hiyo, kengele inagongwa mwaloni, na maji yanatufikia siku kadhaa baadaye mdomo ukiwa wazi, hakuna wavu. Na wao kwa upande wao wameng'oa mikaratusi iliyokuwa inanyonya chemchemi, wakarudisha miti ya asili ukingoni. Masika ya mwaka huu vijana wetu wamewaona ningu wadogo kwenye majani yaliyofunikwa na maji, wengi, na mzee mmoja aliyekuwa ananipinga kila mkutano alikuja nyumbani usiku na tochi kuniambia. Hiyo kwangu ni kubwa kuliko cheti chochote, nalisema wazi bila aibu.

Ngoja niseme na la pili linaloniuma. Kuna warsha moja Mwanza tuliitwa tueleze kazi yetu, nikaeleza, wakapiga picha, wakachukua mpaka meseji za grupu letu. Baadaye ripoti ikatoka na ramani nzuri za rangi, kikundi chetu hakimo, Mama Chai hayumo, eti ni "ubunifu" wa waliotuita. Kwa hiyo kijana, andika kazi yako mwenyewe. Tarehe, picha, jina la kikundi, urefu wa maji, samaki mliowaona. Andika kila siku hata kama hakuna wa kusoma. Narudia, andika.

Na usianze na posho. Nimeona vikundi vinaundwa wiki ya semina, vinakufa posho ikiisha. Viumbe hawa hawana semina, ningu anapandisha mvua ikinyesha, bajeti iwe imepita au haijapita. Serikali zetu zina mambo yake mazuri, Tume ya Bonde la Ziwa Victoria iko Kisumu, taasisi ya uvuvi ya nchi zetu iko Jinja, mikataba ipo. Ila mkataba haugongi kengele mwaloni. Anayegonga ni mtu anayemjua mtu wa ng'ambo kwa jina. Tafuta mtu wa ng'ambo, mpigie, msalimie hata kama huna shida, jua mvua zake na mazao yake.

Sasa wewe wa Bukoba, mto wako ni Kagera. Unakusanya maji ya Burundi na Rwanda, unapita Kyaka, halafu unaingia ziwani upande wa Uganda, yani mdomo wa mto wenu uko kwa jirani. Ningu wa Kagera nae alikuwa anapandisha huko. Nenda Kyaka, kaa na wazee wavuvi, waulize ningu walikuwa wanaingia mwezi gani na walikuwa wanataga wapi, andika yote. Ukimaliza nitumie kwenye inboksi, kuna jamaa wavuvi wa upande wa Uganda tulikutana nao kwenye mkutano wa ziwa, nitakupa mmoja wao uongee nae kabla vuli haijaanza.