Kabla Hujaenda Maziwe kwa Sababu ya Video Yangu

Video yenyewe ina sekunde 18. Mchanga mweupe katikati ya bahari, mdogo wangu anatembea huku kanga yake ikipepea, kisha kamera inazunguka taratibu na kote ni maji tu, ya rangi ya feruzi. Niliipiga kisiwani Maziwe, karibu na Pangani mkoani Tanga, saa nne asubuhi, mwezi kumi na tano, yaani siku ya kumi na tano tangu mwezi uandame. Chini yake niliandika maneno mawili, "Njooni Tanga." Watu wakaja.

Mimi ni mtoto wa Pangani. Mjomba wangu ni nahodha na mimi ndiye ninayempokelea wageni, kwa hiyo video ile ilituletea riziki na sitasema uongo kuhusu hilo. Lakini kuna Jumamosi moja ya mwezi wa kumi ambayo mpaka leo nikiikumbuka usingizi unakata, na ndiyo iliyonifanya niandike haya. Nawaandikia hasa nyinyi mnaochangishana hela kwenye kundi la WhatsApp, mnasema "twendeni pale", na mmoja wenu ametuma kipande cha video.

Siku hiyo nilikuwa uani nakuna nazi. Simu ikaita, namba ngeni. Sauti ya kijana, nyuma yake upepo. Akasema, "Dada samahani, wewe ndiye mwenye ile video ya Maziwe? Maji yanakuja."

Nikamuuliza boti iko wapi. Akasema aliyewaleta alikwenda kuangalia nyavu zake, aliahidi kurudi saa tisa, na sasa hapatikani. Wako sita. Mchanga uliobaki ni kama sebule. Nilitazama saa: nane na robo.

Mjomba alikuwa amejilaza barazani baada ya chakula. Nilipomwambia, aliuliza swali moja, "Leo mwezi ngapi?" Nikasema kumi na sita. Aliinuka hivyo hivyo bila shati, akabeba dumu la petroli, akashuka mtoni karibu mbio, na mjomba si mtu wa kukimbia.

Tulipofika ilikuwa saa tisa na dakika chache. Kwa mbali niliona vichwa na mikono kabla sijaona kitu kingine. Mchanga haukuwepo tena. Maji yaliwafika warefu mapajani, wafupi kiunoni, na kila wimbi likipita walikuwa wanashikana wasichukuliwe. Deli la soda lilikuwa linaelea peke yake, limeshafika mbali. Binti mmoja mwenye gauni jeupe refu, gauni la kupigia picha, hajui kuogelea. Mwenzake alikuwa amembeba mabegani. Na mwingine ameinua mkono juu na simu ndani ya mfuko wa nailoni, kwa sababu ndiyo pekee iliyobaki na chaji na ndiyo iliyonipigia.

Mjomba hakusogea karibu haraka. Kwa mawimbi yale boti ingeweza kuwaangukia. Alikaa upande wa chini ya upepo, akatupa kamba, tukawavuta mmoja mmoja, binti wa gauni jeupe wa kwanza. Jua la saa tisa lilikuwa linawaka lakini yeye alikuwa anatetemeka meno yanagongana. Alinishika mkono mpaka tunaingia mtoni na hakusema neno. Yule mwenye boti tulimkuta kwa ndani zaidi, anasukumwa na mkondo, mashine imegoma, dumu la akiba hana. Na yeye tukamvuta.

Wote walirudi kwao salama. Alhamdulillahi.

Jioni, wamebadili nguo, wanakunywa chai ya tangawizi nyumbani kwetu, nilizungumza nao sana. Hawakuwa watoto wala wajinga. Mmoja ni mhasibu, mwingine anafundisha sekondari. Walikuwa wameulizia nauli, ada ya kuingia hifadhini, mahali pa kulala, hata rangi ya nguo inayotokea vizuri kwenye picha. Hakuna aliyeuliza maji yanajaa saa ngapi. Nikajiuliza, wangeuliza kwa sababu gani? Video yangu ilikuwa imewaonyesha kisiwa. Kwa macho yao Maziwe ni kisiwa kama Unguja ilivyo kisiwa.

Maziwe ni fungu, tuta la mchanga katikati ya bahari. Liko kiasi cha kilomita 8 kutoka pwani yetu. Wazee wanakumbuka mivinje iliyokuwa imesimama pale, na hifadhi ilitangazwa mwaka 1975 miti ikiwa bado ipo. Baadaye bahari ikaila ardhi, miti ikaisha, na tangu miaka ya 1980 ni mchanga mtupu unaofunikwa maji yakijaa sana. Hata kasa wanaopanda kutaga pale mayai yao hayasalimiki. Inabidi watu wayafukue na kuyahamishia ufukwe wa Ushongo ili yaanguliwe. Kasa amekuja duniani kabla yetu, na bado maji ya Maziwe yanamzidi hesabu.

Sasa hesabu yenyewe, na hapa naomba msome polepole. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kupwa hadi kujaa ni zaidi kidogo ya saa sita, na kila siku muda unasogea mbele kwa kama dakika 50. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, na siku mbili tatu baada yake, ndiyo bamvua: maji hutoka mbali sana na hurudi juu sana. Mwezi saba nane na ishirini na moja ishirini na mbili ni maji mafu, hayatoki sana wala hayajai sana. Kwa upande wetu huu siku za bamvua maji hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi na hujaa saa kumi, saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo siku ambayo fungu ni pana na zuri kuliko siku zote asubuhi, ndiyo siku hiyo hiyo ambayo jioni halipo kabisa. Video nzuri zote za Maziwe, na yangu ikiwemo, zimepigwa asubuhi ya bamvua.

Kuna jambo ambalo mgeni hawezi kuliona kwa macho. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Chukua bamvua la mita 3.6. Saa ya kwanza baada ya kupwa yanapanda sentimita 30 tu, unaona kama yamelala. Saa ya pili 60. Saa ya tatu 90, saa ya nne 90 tena, kisha yanapunguza. Vijana wale walichelewa kuondoka Pangani, wakatua saa sita, maji yameshageuka saa nzima lakini bado ni ya upole. Wakawasha jiko, wakapiga picha. Kati ya saa nane na saa tisa bahari ikaja kwa kasi ambayo hawakuwa wameiona tangu watue. Mnazi kwenye kiwanja chako ukiujua, hushangai nazi ikidondoka. Wao kiwanja hakikuwa chao.

Mwaka uliofuata tulimpeleka mgeni kutoka Tirol, Austria, mtu wa makamo, anayejitolea kwenye kikosi cha uokoaji milimani. Wakati wa kurudi nilimsimulia kisa hiki. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwao wanakufa hivyo hivyo, ila kwenye theluji.

Akanieleza. Kule watu huteleza kwa mbao za miguuni kwenye miteremko iliyokaguliwa na kulindwa. Wengine huacha njia hizo wakaenda nyuma ya mlima, kwenye theluji ambayo haijakanyagwa, kwa sababu huko ndiko picha zilipo. Mteremko wa nyuzi 30 hadi 45 ndio mtamu kuteleza, na ndio huo huo unaoporomoka. Mara nyingi anayeuporomosha ni aliyefukiwa mwenyewe au mwenzake, kwa uzito wa mwili wake tu. Ukifukiwa, nafasi yako ni nzuri katika dakika 10 hadi 15 za kwanza, baada ya hapo inashuka vibaya. Kikosi cha uokoaji hakijafika bado. Wa kukutoa ni wale uliokuja nao, kama wana kifaa cha redio cha kukutafuta, ufito mrefu wa kuchomea theluji na koleo, na wanajua kuvitumia. Wageni wa video, alisema, huja na kamera kofiani na koleo hawana.

Aliniambia pia kwamba tahadhari ya maporomoko hutangazwa kila siku wakati wa baridi, kutoka daraja 1 hadi 5, na kwamba daraja 3 huua watu wengi, kwa sababu mtu akisikia tatu kati ya tano anadhani ni wastani. Nikamwambia na huku kwetu nahodha akisema "bahari imechafuka kidogo", mgeni husikia lile neno kidogo.

Yeye ndiye aliyenitajia utafiti wa Mmarekani Ian McCammon wa mwaka 2004, aliyepekua ajali 715 za maporomoko ya theluji nchini kwao. Alitaka kujua kwa nini hata watu waliosomea hatari hii huingia ndani yake. Akakuta mitego ya akili: mahali ulipopazoea, hamu ya kukubalika na wenzako, kitu adimu ambacho ukichelewa utakikosa, na alama za waliotangulia, kwamba kama wao wamepita basi ni salama. Wakati huo hata TikTok haikuwepo. Leo simu imechukua mitego hiyo yote ikaiweka mfukoni mwako: inakuonyesha maelfu waliopita salama, inakuambia ni pa kipekee, na inakuahidi utakavyopendwa ukirudi na picha. Aliyekwama hapigi video ya kupandisha. Vijana wangu sita hawakupandisha kitu chochote siku ile.

Kwa hiyo nakuomba. Kabla hujalipa boti, muulize nahodha, "Leo maji yanajaa saa ngapi?" Nahodha wa kweli atakujibu palepale, na pengine atakutajia mwezi ngapi kabla hajakutajia saa. Akikwambia "usijali", mshukuru, tafuta mwingine. Si dharau, ni maisha yako. Muulize pia kama atakaa pale pale nanga imeshuka mpaka mnaondoka. Akisema ana shughuli atawarudia, jibu ni hapana, hata kama ameshusha bei kwa nusu. Boti kuondoka ndilo kosa kubwa kuliko yote niliyosimulia hapa, mengine yote yalifuata kutoka hapo.

Fika maji yakiwa bado yanatoka, ondoka yakishageuka tu. Ukichelewa kutoka Dar, ukafika Pangani saa tano siku ya bamvua, usiende. Najua umelipia. Najua mmesafiri usiku kucha. Lala, tembea mji wa zamani, ule samaki, uende kesho alfajiri. Mara kadhaa nimewarudishia watu hela kwa sababu hii na wengine wamenitukana, na nitaendelea kurudisha.

Jaketi la kuokolea livaliwe tangu mtoni, maana mawimbi ya mlangoni mwa mto ndiyo ya kwanza kupindua. Jaketi lililofungwa chini ya kiti halijawahi kumwokoa mtu. Kagua kama boti ina dumu la akiba, kamba, nanga na kopo la kutolea maji yanayoingia botini. Huhitaji ujuzi, angalia kwa macho. Miezi ya kusi, upepo mkali wa kutoka kusini, hasa mwezi wa saba na wa nane, upepo wa mchana si wa kuchezea. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa upepo na mawimbi, usome usiku wa kuamkia safari. Na mwachie mtu wa nchi kavu saa yenu ya kurudi. Si "mchana mchana". Saa. Ikipita, apige simu: Zimamoto na Uokoaji ni 114. Lakini jua kwamba kutoka kupiga mpaka boti kukufikia ni safari ya baharini, na siku ile maji yalikuwa yanapanda karibu mita moja kwa saa.

Na ninyi wenzangu mnaopandisha video za mafungu, kuanzia kwetu mpaka Bagamoyo, nawasihi kama ndugu: andikeni saa. Tarehe, mwezi ngapi, maji yalipwa saa ngapi, mliondoka saa ngapi. Ni mstari mmoja. Mimi sikuifuta video yangu, nimeirekebisha. Mwishoni nimeongeza sekunde tano nilizopiga kutoka ndani ya mashua ya mjomba, imetia nanga, saa kumi jioni, mahali pale pale mdogo wangu alipotembea. Ni bahari tu. Watazamaji wamepungua kidogo. Maswali yameongezeka.

Wiki iliyopita binti wa gauni jeupe aliniandikia. Anajifunza kuogelea, anafika urefu wa bwawa bila kusimama, na anataka kumleta mama yake aone kasa wakianguliwa Ushongo. Hakuuliza bei. Ameandika, "Dada shikamoo. Tukija mwezi tisa, maji yatakuwaje?"