Msaliti ndani ya kikosi

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Mimi na wenzangu wa Kisauni twachora katuni ya mashujaa wanaolinda kivuko cha Likoni. Dada mmoja wa kikosi, mwenye kuamuru mawimbi, ni msaliti. Wenzangu wataka lifichwe hadi ukurasa wa mwisho. Wasemaje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Wenzako wana pupa. Watunzi wa katuni Wamarekani, Marv Wolfman na George Pérez, walimleta Terra, binti mwenye kuamuru ardhi, kwa vijana wa Teen Titans, kikosi cha mashujaa wa katuni, mwaka 1982, wakijua tangu awali kwamba ni msaliti. Msomaji alifunuliwa siri 1983. Mashujaa wenyewe? Gizani hadi 1984! Hapo ndipo utamu: kila akicheka nao, wewe roho juu. Machoni alivaa lenzi za kupiga picha, akiwatazama wenzake huku adui apokea. Na watunzi hawakumtubisha mwishoni. Alikufa na chuki yake. Mimi nilinuna, lakini walifanya vyema.

Basi wenu mwonyesheni mapema. Wenziwe wako kwenye ngazi za feri wanagombania viazi karai, yeye pembeni aandika ujumbe kwenye simu, kidole kimeroa ukwaju. Msimchore na jicho baya, hilo ni la sinema za mtaani. Awe ndiye mnayempenda kuliko wote.

Na joho la nahodha wenu lipunguzeni. Kwa joto hili la Mombasa atazimia kabla adui hajashuka feri.