Maswali ya Wasomaji: Marafiki sita, Paris, siku tatu

SWALI: Tuko marafiki sita. Tutakuwa Paris kuanzia Jumapili hadi Jumanne, na tunataka kuona Mnara wa Eiffel, makumbusho ya Louvre na kanisa la Notre-Dame. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba tiketi tutakata hukohuko mlangoni. Yuko sawa?

JIBU: Kwa Notre-Dame haidhuru, hapahitaji tiketi kabisa. Kwa hizo nyingine atawapotezea nusu siku.

Anzeni na kalenda. Louvre hufungwa kila Jumanne, kwa hiyo msiiache iwe ya mwisho. Iwekeni Jumatatu, mlango unapofunguliwa saa 3 asubuhi, na tiketi ya saa maalumu mkate mapema mtandaoni. Wengi wakishaingia humkimbilia Mona Lisa katika chumba namba 711, kisha hushangaa udogo wake: sentimita 77 kwa 53, nyuma ya kioo, na simu kadhaa zimeinuliwa mbele yake. Mkimaliza naye, geukeni nyuma. Ukuta wa pili umebeba mchoro wa Harusi ya Kana wa Veronese, karibu mita 10 kwa upana, na mbele yake kuna nafasi ya kupumua.

Mnara wa Eiffel ndio unaosumbua makundi. Tiketi za lifti hufunguliwa mtandaoni siku 60 kabla, za ngazi siku 14 kabla. Mtu mmoja huweza kubahatisha nafasi dakika za mwisho. Nafasi sita za saa ileile ni kazi. Zikiisha za lifti, ziangalieni za ngazi: vidato 674 hadi ghorofa ya pili, mita 116 kutoka ardhini. Si lazima wote mpande kwa njia moja. Mwenye magoti mabovu achukue lifti, mkutane ghorofa ya pili, ambako kwa maoni yetu mandhari ni bora kuliko kileleni. Huko juu kabisa, kwenye mita 276, majengo hugeuka viberiti, na upepo ukizidi kilele hufungwa hata kama mmeshalipia.

Tiketi huandikwa kwa saa 24. Ikisema 15:00 ni saa 9 alasiri, na kila kundi lina mmoja atakayesoma saa tatu au saa tano. Andikeni saa kwa Kiswahili kwenye kundi lenu la simu. Masanduku makubwa na chupa za glasi acheni hotelini, kwani hamtapita navyo kwenye ukaguzi, na mnarani hapana pa kuhifadhi mizigo.

Kuingia Notre-Dame, iliyofunguliwa upya Desemba 2024 baada ya moto wa 2019, ni bure. Kuweka nafasi pia ni bure na si lazima. Anayewauzia tiketi ya kuingia kanisani anawaibia.

SWALI: Je, tunaweza kutumia kadi moja ya metro sote sita?

JIBU: Hapana. Navigo Easy, kadi ya kupakia tiketi za metro, ni euro 2, na kila msafiri awe na yake; kadi moja haipitishi watu wawili katika safari moja. Mkishapita geti msiitupe mfukoni ovyo, maana wakaguzi husimama kwenye njia za ndani, na asiyeweza kuonyesha kadi iliyogongwa hupigwa faini papo hapo. Tiketi ya kawaida haifiki viwanja vya ndege. Pasi ya wiki nayo huhesabiwa Jumatatu hadi Jumapili, si siku saba tangu mlipoinunua, hivyo kwa ratiba yenu haina faida.

SWALI: Picha ya kundi na mnara mzima tuipige wapi?

JIBU: Uwanja wa Trocadéro, ng'ambo ya mto, lakini si asubuhi: jua huwa nyuma ya mnara na nyuso zenu zitakuwa nyeusi. Nendeni jioni. Kama ni lazima iwe asubuhi, hamieni upande wa pili, bustani ya Champ de Mars.

Mpiga picha arudi nyuma hatua kumi na tano hivi, ashushe simu usawa wa kiuno, aishike wima bila kuilaza, kisha avute kwa zumu mara mbili. Akisogea karibu na kutumia lenzi pana, mnara utakuwa kijiti na wawili wa pembeni watavutika kama mpira. Usiku taa 20,000 humetameta kwa dakika 5 kila saa inapoanza, kwa hiyo jipangeni kabla.

Mabegi yasiwekwe chini wakati wa kupozi. Mmoja abaki nje ya picha ayashike, kisha mpokezane. Na ule mchezo wa kamari wa vikombe vitatu mtakaoukuta daraja la Iéna, kati ya Trocadéro na mnara, wale mnaowaona wakishinda ni wenzake mchezeshaji.