Jina la Mabula: limetoka wapi, maana yake nini na kwa nini kila kona kuna Mabula

Mkuu umeuliza kama Mabula ni ukoo mmoja, kwamba bosi wako mpya ni Mabula na mkeo ni Mabula afu sasa unaogopa usije ukawa unafanya kazi chini ya shemeji yako bila kujua. Ngoja nikujibu kwa kirefu maana hilo ndo jina langu la mwisho na hilo swali nimeulizwa tangu niko shule ya msingi.

Kwa kifupi Mabula sio ukoo. Ni jina la mtu. Sisi wengine limetugandia tu likageuka jina la familia na ntaeleza lilivyoganda.

Kwa Kisukuma mbula ni mvua. Mtoto wa kiume akizaliwa mvua inanyesha, au msimu wa mvua, au mvua imekuja baada ya watu kuisubiri mpaka wamekata tamaa, anaitwa Mabula. Wa kike ni Kabula, au Mbula yenyewe. Majina ya kwetu mengi yako hivyo, yanasema siku ile kulikua na nini pale nyumbani. Aliyezaliwa wakati wa njaa ni Mayala au Nyanzala, waliozaliwa pacha ni Kulwa na Doto na anayewafuata ni Shija, aliyekuta ukoo umekusanyika ni Masanja, wageni wamejaa nyumbani ni Mageni. Binti wa jua limewaka anaitwa Limi na aliyekuja usiku yupo Bujiku. Yaani ukisoma orodha ya majina ya darasa moja kule Kwimba au Maswa unakua umeshajua hali ya hewa na mambo ya kila mji bila kuuliza mtu.

Sasa kwa nini Mabula wamekua wengi kuliko akina Bujiku, hapo mi nina maelezo yangu. Usukumani kila kitu ni mvua. Inaanza Oktoba Novemba inaenda mpaka Mei, ikigoma hakuna mahindi hakuna pamba hakuna majani ya ng'ombe, na ng'ombe kwa Msukuma unajua mwenyewe. Zamani mtemi kazi yake kubwa mojawapo ilikua kuhakikisha mvua inanyesha, yeye na waganga wake wa mvua, ikikataa miaka mfululizo lawama zinamrudia yeye na kiti chake kinaanza kuyumba. Sasa watu wa namna hiyo mtoto akidondoka pamoja na mvua watamuita nani tena? Na msimu wenyewe unachukua zaidi ya nusu mwaka, kwahiyo hata kwa bahati nasibu watoto wengi wanaangukia humo humo.

Afu kuna kurithi, hili watu wa nje hua hawalijui. Binamu yangu ni Mabula na kazaliwa mwezi wa nane, vumbi tupu, ng'ombe wanapelekwa mbali kutafuta maji. Alilia mno alipozaliwa, hanyonyi halali, wazee wakasema anadai jina la babu, akapewa Mabula na (kwa maelezo ya bibi) akanyamaza siku hiyo hiyo. Kwahiyo mvua ilimnyeshea babu, mjukuu karithi jina tu. Ndo maana usimwambie kila Mabula eti wewe ulizaliwa mvua inanyesha, wengine watakushangaa.

Turudi kwenye kuganda. Zamani mtu alikua na jina lake, ukitaka kumjua zaidi unaambiwa ng'wana fulani, yaani mtoto wa fulani, basi imetosha. Babu yetu alikua Mabula ng'wana Masanja. Watoto wake wakawa ng'wana Mabula, wajukuu nao kila mmoja angeitwa kwa jina la baba yake. Jina la mwisho lilikua linabadilika kila kizazi, hakuna kitu kinaitwa jina la familia. Vikaja shule na ubatizo, wamisionari wa kikatoliki walishafika Bukumbi pale karibu na Mwanza tangu 1883, vikaja vyeti, kodi na vitambulisho, na fomu inataka majina matatu na la mwisho lisicheze. Hapo ndo kila nyumba ikaganda ilipokutwa.

Kwetu iligandia pabaya kidogo. Baba alivyoanza shule mwalimu alimwandika kwa jina la baba yake, akawa Mabula. Baba mdogo, tumbo moja baba mmoja, yeye alibatizwa akaandikwa kwa jina la babu yake, akawa Masanja. Leo watoto wa baba mdogo ni akina Masanja na sisi ni akina Mabula, tunazika pamoja tunakula mahari pamoja, lakini kwenye makaratasi hatuna undugu wowote. Nilipoenda ofisi moja kufuatilia mambo ya mirathi yule dada wa dirishani akaniangalia juu chini, anasema huyu marehemu Masanja anakuaje baba yako mdogo na wewe ni Mabula, tukaambiwa tuapishwe mahakamani, tulete na barua ya mtendaji, ilichukua muda mpaka watu wakaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe. Kama una watoto na majina yako yanapishana kwenye vyeti nyoosha sasa hivi ukiwa hai.

Unaona mantiki sasa. Ndugu wa damu kabisa wana majina tofauti, na watu wasiojuana kabisa wana jina moja. Mbunge wa Nyamagana aliyeingia 2015 ni Mabula, wa Ilemela alikua Mabula naye na akaja kua waziri wa ardhi, majimbo yenyewe yamepakana jijini Mwanza, lakini hayo majina peke yake hayakwambii kitu kuhusu undugu.

Kusambaa nako kuna sababu zake. Sisi ndo kabila kubwa kuliko yote Tanzania (idadi kamili hakuna anayo, sensa iliuliza kabila kwa mara ya mwisho 1967), na tunahama na ng'ombe. Nimekutana na akina Mabula Katavi, Sumbawanga, bonde la Kilombero, mpaka Lindi, wengine waliondolewa Usangu na mifugo yao ile 2006. Wanyamwezi nao mvua wanaiita mbula kwahiyo Mabula wa Tabora anaweza asiwe Msukuma kabisa. Ukiingia Malawi kuna akina Mvula, Zambia akina Mfula, mvua hiyo hiyo. Na ukivuka Namanga wazo ni lile lile kwa lugha tofauti: Wambua na Mumbua wa Wakamba, Okoth na Akoth wa Wajaluo, Kiprop na Cherop wa Wakalenjin, wote hao ni watoto wa mvua. Kuna jamaa Mkenya nilifanya nae kazi anaitwa Okoth, tangu tulivyogundua hilo akawa ananiita wajina, watu ofisini hawaelewi kabisa.

Kwahiyo la bosi wako achana na jina. Kwetu ukoo wenyewe ni kama Babinza, Basega, Bakwimba na wenzao, na hiyo haiandikwi kwenye kitambulisho, lazima uulize. Muulize mkeo kwao ni ukoo gani, babu mzaa baba yake aliitwa ng'wana nani, na walitokea kijiji gani kabla hawajahama, sio walipo sasa. Kama yeye hajui ampigie shangazi yake, mashangazi ndo wanajua hizi habari kuliko wanaume. Bosi nae mtegee siku ana furaha umuulize hayo hayo. Babu wakiwa tofauti na ukoo tofauti kunywa chai yako kwa amani, na ikitokea vyote vimegongana basi kaka hongera, andaa mbuzi ukajitambulishe ukweni upya, na likizo uombe kabla hajajua.

Ukishapata hivyo vitatu vilete hapa, akina Mabula wa Magu na Misungwi tupo wengi humu tutakuchambulia.