Ukipanda Mlima Tamalpais, toa sauti mapema

Mlima Tamalpais uko kaskazini ya San Francisco, California, ukishavuka daraja la Golden Gate. Kilele chake hakifiki hata mita 800, ndiyo maana wengi huuendea kama matembezi ya jioni. Nimeupanda kwa miaka kadhaa sasa, jua na mvua. Mgeni akiniomba ushauri mmoja tu, sianzi na viatu wala maji. Namwambia: ukiwa njiani, toa sauti mapema.

Ndani ya hifadhi hii ya jimbo kuna njia za miguu tu, na kuna barabara pana za vumbi zilizochongwa ili magari ya zimamoto yapite. Barabara hizo ni za wote: wanaotembea, wenye baiskeli na wenye farasi. Hata njia chache nyembamba, kama Dias Ridge, ni za wote. Utakuta vibao vya njano vyenye pembetatu: baiskeli inampisha kila mtu, na anayetembea anampisha farasi. Kanuni hiyo unaishika kwa dakika moja. Kazi iko kwenye kona, pale unapokutana na mtu ambaye hamkuonana.

Mimi nilijifunzia kwenye Old Stage, barabara inayotoka Pantoll, penye maegesho ya magari, kwenda West Point Inn, nyumba ya mbao iliyojengwa mwaka 1904, enzi ambazo treni ilikuwa bado inapanda mlima huu. Nilisikia kwato zinakuja. Kwa nia njema kabisa nikapanda ukingoni, upande wa juu, nikasimama kimya kwenye kivuli cha mti nikiwa na begi kubwa mgongoni na kofia ya koti la mvua kichwani. Nilidhani kunyamaza ndiyo heshima.

Farasi aliponiona alisimama ghafla. Masikio yote mawili yakaelekea kwangu, pua zikapanuka, akaanza kurudi nyuma. Mguu wake mmoja ukasukuma jiwe likaanguka bondeni, na nikalisikia likiporomoka kwenye majani makavu kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Mama mtu mzima aliyempanda hakugeuka kunitazama. Alisema tu, kwa upole: "Ongea tafadhali. Sema chochote, aisikie sauti yako."

Nikamsalimia yule mama, kisha nikamsalimia na farasi. Sikio moja likageuka, shingo ikalegea. Alipofika usawa wangu akanieleza kwamba farasi ni mnyama anayewindwa, na kitu kilichojificha ukingoni juu ya njia, kimya, chenye nundu mgongoni, kwake hakina tofauti na puma, yule paka mkubwa wa mwituni, anayetaka kuruka. Na puma wapo kweli kwenye mlima ule.

Tangu siku hiyo nikikutana na farasi nasimama upande wa bondeni, kama pana usalama wa kusimama, na naongea kwa sauti ya kawaida tangu mbali. Namuuliza mpandaji angependa nikae wapi, maana yeye ndiye anayemjua mnyama wake. Mkiwa kundi, kaeni nyote upande mmoja. Msimweke farasi katikati yenu.

Upande mmoja ni muhimu hata kwa baiskeli. Kengele ikilia nyuma, kundi hutawanyika, nusu kushoto, nusu kulia, halafu mtu mmoja anabadili mawazo na kuvuka. Huyo ndiye anayegongwa. Sheria inawapa waendesha baiskeli kikomo cha maili 15 kwa saa, na maili 5 kwenye kona na wanapompita mtu, lakini usiitegemee sheria kuliko masikio yako. Vua vipokea sauti vya masikioni, vyote viwili. Tairi kwenye changarawe zina mlio wake, kama mchele unaomiminwa kwenye ungo, na ukiuzoea utausikia kabla ya kengele. Waungwana wengi wakipita watakuambia idadi ya wenzao walioko nyuma. Waitikie, nawe uwaambie mko wangapi.

Kuna jambo moja sikulijua nilipopanda ule ukingo. Kando ya njia nyingi pale huota poison oak, kichaka chenye majani matatu kwa kila kikonyo, yanayong'aa wakati wa machipuko na kuwa mekundu kiangazi kikielekea kwisha. Wakati wa baridi hubaki vijiti vitupu, na mafuta yake yangali kwenye vijiti hivyo. Kesho yake goti langu lilivimba malengelenge, na kuwasha kulinikosesha usingizi. Kwa hiyo tazama unapokanyaga kabla hujampisha mtu, vaa suruali ndefu, na ukifika nyumbani oga kwa sabuni na ufue nguo zile. Kagua na kupe papo hapo, hasa nyuma ya magoti.

Sweta usiiache, hata mwezi wa Julai. Ukungu wa Pasifiki hupanda mchana kweupe, na ndani yake farasi na baiskeli hukutokea wakiwa hatua chache tu mbele yako. Hapo naongea hata nikiwa peke yangu. Mwishoni mwa wiki maegesho ya Pantoll hujaa asubuhi, kwa hiyo wahi.

Siku ninayotaka utulivu nashuka Steep Ravine, ambayo ni ya miguu tu, kati ya miti ya redwood inayodondosha maji ya ukungu kwenye kijito. Katikati kuna ngazi ya mbao inayomtosha mtu mmoja. Nikifika juu yake naita kwanza, nasubiri, nikisikia kimya ndipo nageuka na kushuka.