Mwanya, kasoro au udhaifu?

Swali: Nasimamia mifumo ya kompyuta katika ofisi moja Kijitonyama, Dar es Salaam. Wiki hii niliwatumia wenzangu tahadhari: "Udhaifu tatu zimegundulika katika vifurushi vya programu huria tunavyotumia, seva mbili zimeathirika." Mmoja akasema ningeandika "madhaifu matatu". Mkuu wangu naye akapiga simu kuuliza data za wateja zimeibwa lini. Nimekosea wapi?

Jibu: Tuanze na hesabu. Udhaifu ni jina la hali, sawa na unyonge au uzembe, na hali haihesabiwi. "Udhaifu tatu zimegundulika" umelipeleka neno kwenye njia ya ufa na nyufa, ambako si kwake. "Madhaifu" yanasikika sana siku hizi, lakini siyapendekezi, kwa sababu lipo neno linalofaa zaidi na tunalisoma kila mara magazetini: mwanya. Tunaziba mianya ya rushwa, tunaziba mianya ya ukwepaji kodi. Neno limekuja na kitenzi chake, na kuziba ndiko hasa anakofanya mtaalamu wa programu. Mwanya huu umezibwa. Mianya hii mitatu imezibwa. Tundu si kosa, ila linanijia kama kitu kilichotobolewa, ilhali mwanya ni nafasi iliyoachwa bila kukusudia.

Usiuchanganye mwanya na kasoro. Kasoro imo katika msimbo, yaani maagizo yaliyoandikwa kuiendesha programu. Mwanya ni njia ambayo kasoro hiyo inampa mdukuzi. Chukua OpenSSL, programu huria inayolinda siri ya mawasiliano ya mtandaoni, mwaka 2014, katika tatizo lililoitwa Heartbleed. Kasoro: programu ilipokea ujumbe unaotaja urefu wake wenyewe, ikauamini urefu huo bila kuulinganisha na urefu halisi. Mwanya: mtu aliye mbali aliweza kusoma hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva kwa kila ombi, na humo huweza kuwamo nywila au ufunguo wa siri. Anayerekebisha anahitaji kuijua kasoro. Mkuu wako anahitaji kuujua mwanya. Kilichokutwa mwaka 2024 ndani ya XZ Utils, programu huria ya kubana mafaili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, hakistahili jina lolote kati ya hayo, kwa kuwa kilipandikizwa kwa makusudi. Huo ni mlango wa nyuma. Mimi napenda zaidi kuuita mlango wa uani, maana aliyeujenga anaujua na mgeni aliyeketi barazani hauoni.

Sasa ile simu. Kuathirika ni kupatwa na athari. Aliyeathirika na mafuriko ya Jangwani, maji yameshaingia ndani kwake. Seva yenye toleo bovu bado haijapatwa na lolote mpaka mtu aupitie huo mwanya, kwa hiyo mkuu wako alikusoma sawasawa. Sentensi ndiyo iliyomdanganya. Kiswahili kina mnyambuliko uliokufaa hapa, ule wa kutendeka: "seva inadukulika", yaani uwezekano upo. "Seva imedukuliwa" ni habari nyingine kabisa, mtu ameshapita. Utumie na -na-, si na -me-, kwa kuwa "imedukulika" inaturudisha kwenye utata uleule.

Neno jingine linaloponza tahadhari ni "hadi". Mwanya wa Log4j, kifurushi kinachozisaidia programu kuandika rekodi za matukio yake, uliotangazwa Desemba 2021 ulikuwamo katika toleo 2.14.1. Ukiandika "matoleo hadi 2.14.1", wapo watakaodhani 2.14.1 lenyewe ni salama, wasiliguse. Andika "hadi 2.14.1, nalo likiwamo". Chunga pia "umezibwa": toleo 2.15.0 lilitolewa kama tiba, ikaonekana haikutosha, na 2.16.0 likafuata mwezi huohuo. Aliyesoma "umezibwa" katika tahadhari ya kwanza alihitaji ya pili inayosema wazi kwamba kiraka cha awali kiliacha sehemu.

Log4j mara nyingi haikuwekwa na msimamizi mwenyewe. Ililetwa na programu nyingine iliyoihitaji. Wengi huita kifurushi cha namna hiyo "kitegemezi", na maana inageuka kichwa chini. Mtegemezi ni anayetegemea, kama mtoto kwa mzazi. Programu yako ndiyo tegemezi, Log4j ni tegemeo, wingi mategemeo.

"Programu huria" umeiandika vizuri. Usiibadilishe kuwa "programu za bure": bure ni habari ya bei, huria ni ruhusa ya kuusoma msimbo, kuubadili na kuusambaza. Kifurushi nacho kibaki, ila kinapotajwa mara ya kwanza kiandamane na "cha programu" kama ulivyofanya, kwa kuwa kwa mtu wa Dar es Salaam kifurushi kikiwa peke yake ni bando la simu.

Tahadhari yako ningeiandika hivi: "Mianya mitatu imegunduliwa katika vifurushi vya programu huria tunavyotumia. Seva mbili zina matoleo yenye mianya hiyo na zinadukulika mpaka tutakapoiziba leo jioni. Hakuna dalili kwamba zimedukuliwa." Sentensi ya mwisho iwekwe tu baada ya kukagua rekodi za seva. Kabla ya hapo andika: "Bado tunakagua kama zimedukuliwa."