Majina ya Wapolandi: majibu kwa maswali yenu

Binti yetu tumempa jina Kasia. Tunaomba maana yake ya asili kwa Kipolandi.

Haipo. Kasia ni jina la kumdekeza Katarzyna, yaani Katarina, nalo liliingia Polandi pamoja na Ukristo. Swali hili haliishi: leo Kasia, juzi Anna, kabla yake Jan. Jina kutumika Polandi hakulifanyi la Kipolandi. Orodha za mitandaoni zinachanganya yote kapu moja, nanyi mnanakili tu. Uliza kwanza jina limetoka wapi, ndipo uulize maana.

Kipa Wojciech Szczęsny, jina lake lina maana gani?

Wojciech ni la Kislavi hasa, yaani la ile familia ya lugha yenye Kipolandi: *woj* ni mpiganaji, *ciech* ni furaha. Litamke Voichekh, kh ya kheri. Na Szczęsny, ambalo leo ni la ukoo, zamani watoto walipewa kama jina lao wenyewe: mwenye bahati njema, mahali pa jina la Kilatini Felix.

Nimesoma kuwa Kazimierz ni "mvunja amani". Mtakatifu aliitwaje hivyo?

Umesoma sawa. Sehemu ya kwanza inatokana na kitenzi cha kale cha kuharibu, na *mir* ni amani. Wapo wanaoisoma "mtangaza amani", ila naona wanalisafisha jina lisilohitaji kusafishwa. Haya yalikuwa majina ya watawala na wapiganaji. Bolesław ni utukufu uliozidi, Władysław ni utawala na utukufu. Wazazi waliunganisha vipande viwili wakimtakia mtoto nguvu. Hawakuwa wakitunga sentensi, kwa hiyo acheni kudai tafsiri iliyonyooka. Zbigniew, kwa mfano, ni kuondoa na hasira, basi.

Mtawala wa Polandi, Mieszko wa Kwanza, alibatizwa mwaka 966, lakini majina haya yaliendelea kwa karne nyingi. Baada ya Mtaguso wa Trento (mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, 1545–1563) Kanisa lilisisitiza majina ya watakatifu, na mengi ya kienyeji yakafifia. Yenye mtakatifu wake yalipona: Wojciech aliyeuawa 997, Stanisław askofu wa Kraków aliyeuawa 1079, na Kazimierz mwana wa mfalme, aliyefariki 1484. Mtakatifu hakubadili maana ya jina, alilipa kinga.

Na Papa Yohane Paulo II?

Alibatizwa Karol. Asili yake ni Kijerumani. Ni kama Kasia; nimeshajibu hili, tafadhali.

Naishi karibu na Tengeru, Arusha. Kwenye makaburi ya Wapolandi nitajuaje jina la mwanamke?

Swali zuri. Tazama mwisho: Stanisław ni mwanamume, Stanisława ni mwanamke. Ukoo nao hufuata, -ski kwa wanaume na -ska kwa wanawake. Usidanganywe na Barnaba au Kuba (kifupi cha Jakub), hao ni wanaume.

Waliozikwa hapo walikuwa wakimbizi. Wasovyeti waliwahamisha makwao kwa nguvu, wakatoka kupitia Iran, na kuanzia 1942 wakaletwa Afrika Mashariki. Ukinakili majina yao, usiigeuze ł kuwa l ya kawaida; ile yenye kistari kinachoikata hutamkwa w. Andika kila herufi ilivyochongwa, maana ndugu wanaotafuta wafu wao wanatafuta kwa tahajia hiyo. Na usithubutu kupaka rangi maandishi yaliyofifia bila idhini ya mtunza makaburi.